Sufuria Kando ya Gunia

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri. Saa naijua kwa sababu niliiandika, na niliiandika kwa sababu enzi hizo nilikuwa naandika kila kitu: nimeamka saa ngapi, nimekula nini, nani amenisalimia njiani na nani amepita kama hajaniona. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na daftari lenye jalada la bluu, na nisikufiche, daftari ndilo nililozungumza nalo kuliko mtu yeyote. Bado ninalo. Mende wamelila pembeni, lakini mstari wa siku ile unasomeka: "Saa tisa na robo. Mama Konsolata amekuja. Nimemjibu."

Basi, hayo tu. Sikuandika nimemjibu nini.

Hata kama daftari lingepotea, harufu ingenirudisha. Maharage yanayochemka peke yake, bila kitunguu, bila chumvi, bila mafuta, yana harufu ya udongo uliopigwa na mvua, na ndani yake kuna kitu kama chuma. Wiki iliyopita nilikuwa napita nyuma ya soko la Kimironko na mfuko wangu wa nyanya, mama mmoja akafunua sufuria kando ya njia, mvuke ukanijia usoni. Nikasimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Watu wakanipita huku na huku. Yule mama akaniuliza kama nataka kununua, nikafungua mfuko kabla sijafikiri, maana kwa dakika ile sikuwa na umri nilio nao.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana, na baba alikuwa dereva wa malori ya Mombasa. Tangu njia ya kaskazini ifungwe, ilimbidi azunguke kupitia Tanzania, na tulimwona mara mbili kwa mwaka, akiwa na macho mekundu na zawadi za kunipwaya au kunibana. Niliishi na dada yake, shangazi Hawa. Kwetu hasa ni Biryogo, mtaa wa Waislamu hapa Kigali, ambako Kiswahili kilikuwa kila mahali kama vumbi. Lakini shangazi alisema Biryogo kila mtu anauza na hakuna anayenunua, akatuhamisha Remera, kwenye walimu na makarani. Huko nikawa mtoto pekee wa Kiswahili katika njia nzima. Asubuhi, badala ya adhana, niliamshwa na kengele ya kanisa, na kila siku ilinichukua muda kidogo kukumbuka niko wapi.

Shangazi aliuza maharage, hatua chache kutoka kituo cha basi. Kibanda cha mabati, magunia mawili au matatu yenye midomo wazi, kopo la kupimia, na mbele kabisa mbabula, lile jiko dogo la makaa, na juu yake sufuria. Jioni sufuria hiyo ilikuwa chakula chetu. Mchana ilikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo iliyonileta mimi katika hadithi hii.

Kama hujawahi kuuza maharage, nikueleze. Haragwe jipya na haragwe lililokaa ghalani misimu miwili yanafanana kama mapacha. Ukilipaka mafuta kidogo, la zamani linang'aa kuliko jipya. Tofauti utaijua nyumbani, moto ukiwa umeshawaka: jipya linaiva kwa saa mbili, la zamani linakaa kutwa nzima likigonga sufuria kama kokoto, na makaa yako yanaisha, na makaa miaka ile yalikuwa yamepanda bei vibaya. Muuzaji anajua anachouza. Mnunuzi hajui anachonunua. Na kwa kuwa mnunuzi anajua kwamba hajui, kila muuzaji anamwona mwizi, hata yule ambaye hajaiba.

Kwetu ilikuwa zaidi, maana sisi tulikuwa Waswahili, na kwa watu wa Remera Mswahili ni mjanja tangu tumboni. Shuleni wavulana waliniuliza, "Zaina, leo shangazi yako ameuza mawe kilo ngapi?" Nilikuwa najibu kwa kuangalia viatu vyangu.

Jibu la shangazi lilikuwa ile sufuria. Kila asubuhi alichota maharage kwenye gunia mbele ya watu, akayatia kwenye maji, akaandika saa kwa chaki kwenye bati la kibanda. Mteja akija, anasoma saa, anafunua kifuniko, anachukua punje moja na kuibinya kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikipondeka, ananunua. Na akiwa bado ana wasiwasi, shangazi alikuwa na neno lake:

"Mimi ni mfanyabiashara, usiniamini. Muulize mtoto."

Mtoto ni mimi. Nilikaa pale kila siku baada ya shule na Jumamosi kutwa, kwenye kigoda, nikichochea makaa. Darasani nilikuwa siwezi kusema hata jina langu bila sauti kukwama. Lakini pale kwenye sufuria watu waliniuliza saa tu, na saa nilikuwa nazo. "Imewekwa saa mbili kasoro kumi. Imeanza kupasuka saa tatu na nusu." Siku moja maharage yalichelewa, bibi mmoja akaniuliza, nikamwambia ukweli kwamba yamekaa motoni saa nne na bado. Akaondoka. Shangazi hakunigombeza. Siku ya pili bibi yule alirudi na majirani wawili, akasema kwa Kinyarwanda, nami nikasikia, kwamba kale kasichana hakajui kudanganya. Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Nikayapigia mstari.

Konsolata alikuja hivyo hivyo, kwa ajili ya sufuria. Tulikuwa darasa moja lakini tulikuwa hatujawahi kusemeshana. Siku moja ya baridi alisimama kupasha mikono yake kwenye mbabula yetu, akaniuliza kama anaweza kuonja. Nikampa punje tatu kwenye kijiko. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Alikuwa msemaji, mimi msikilizaji, ikawa tumepatana. Alinihadithia nani ananuka miguu, nani anaandika kwa mkono wa kushoto kwa kumficha baba yake, na jinsi atakavyokuwa amevaa siku ya komunyo yake ya kwanza. Mama yake alikuwa Mrundi aliyeolewa Kigali, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na katika Remera nzima yeye peke yake alinisemesha Kiswahili bila kukigeuza mchezo. Nyumba yao ilikuwa juu, njia ya kwenda Kimironko, mahali ambapo wakati ule nyumba zilikuwa chache na migomba mingi. Sikuwa nimewahi kuingia ndani. Halafu wiki ile Konsolata akaniambia kwamba Jumapili ni komunyo, kutakuwa na karamu, na mimi nimealikwa, nitakaa meza ya watoto pembeni yake.

Sijui wewe ulialikwa mara ngapi utotoni. Mimi hiyo ilikuwa ya kwanza. Nililifua gauni langu Jumatatu kwa ajili ya Jumapili.

Sasa sikiliza kilichotokea katikati. Maharage mengi ya Kigali yalikuwa yakitoka kaskazini, na kaskazini kulikuwa na vita, kwa hiyo soko lilikuwa limekauka. Jumatano alikuja mwenye lori na magunia yaliyoshonwa mdomo. Shangazi alikuwa na bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchoma gunia ubavuni na kutoa punje za ndani. Hakuwahi kununua bila bambo, hata kwa mtu anayemfahamu. Siku ile mwenye lori alimfungulia gunia moja juu, maharage mazuri, mekundu, yenye kung'aa. Akamwambia, "Dada, harakisha, kizuizi cha njiani kinafungwa saa sita, na wanawake watatu wananisubiri pale mbele." Na kweli walikuwepo wanawake wengine wakija mbio. Bambo likabaki limening'inia kwenye msumari wake. Shangazi alinunua magunia matatu. Hayo matatu ndiyo yalikuwa duka zima.

Alhamisi aliweka sufuria saa moja asubuhi. Niliporudi shule saa nane, nilifunua kifuniko nikabinya punje, ikaniruka kutoka vidoleni ikaenda kugonga bati. Tulidhani ni makaa. Tukaongeza makaa. Jioni shangazi aliketi mbele ya gunia akachoma kwa bambo, mbavuni, chini, katikati, akauma punje moja moja kwa meno ya pembeni. Kila ikipasuka kama kioo, aliitema kwenye kiganja chake na kuitazama. Ijumaa alifunga kibanda, akasema anaumwa kichwa.

Jumamosi nilipoamka, sufuria ilikuwa tayari iko motoni, inachemka. Hakuna aliyeona ikiwekwa. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na debe la maharage mapya ambayo wifi ya shangazi alituletea kutoka Bugesera, chakula chetu wenyewe. Kifuniko cha debe kilikuwa kimekaa upande.

"Andika saa moja," shangazi akaniambia, na kunipa chaki.

Niliandika. Mwandiko wangu wa siku ile ulikuwa mzuri, nakumbuka, maana niliandika polepole nikitumaini ataniambia nifute.

Wateja walikuja wengi, maana kwingine hakukuwa na kitu. Walifunua, wakabinya, wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Kila mmoja aliangalia sufuria, kisha akafungua mfuko wake kwenye gunia. Hakuna aliyeniuliza kitu asubuhi yote, na mimi nikamshukuru Mungu kwa hilo, nikajiambia kwamba asiyeulizwa hajadanganya. Mchana nikaanza kuhesabu dakika hadi kufunga.

Na saa tisa na robo akaja Mama Konsolata, kapu kichwani.

"Weye Zaina. Mbona umejikunja kama paka ameloa?"

"Niko mzima, mama."

"Kesho unakuja, ama utatutumia barua?" Alijua habari za daftari langu, Konsolata hakuwa mtu wa kuficha. "Yule mwenzako amesema kama weye hauko, gauni havai. Nikamwambia basi utaenda kwa padri na sketi ya shule."

Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka kweli.

"Karibu Mama Konsolata," shangazi akasema. "Watu wangapi hiyo kesho?"

"Niliowaalika ni arobaini. Na ambao sikuwaalika nao ni arobaini."

Alifunua sufuria, akabinya. "Eh. Siagi hii." Kisha akafanya kitu ambacho wengine hawakukifanya. Alichukua punje moja mbichi kwenye gunia, akaitia kati ya meno, akauma. Tak. Akaitoa, akaitazama, akaitupa njiani. Akashusha kapu, akatandika kitenge ndani yake ili punje zisipenye.

"Nipimie makopo kumi."

Shangazi akaanza kupima. Na yeye, huku akishika ncha za kitenge, akanigeukia mimi.

"Zaina, niambie. Haya maharagi niyaloweke leo, ama ni ya kutia motoni alfajiri tu?"

Kopo la shangazi lilisimama juu ya gunia, limejaa, halimwagi. Basi lilikuwa limesimama kituoni na utingo anaita abiria. Niliangalia sufuria. Nilifikiri mambo mengi kwa muda mfupi sana: magunia matatu, kurudi Biryogo kulala sakafuni kwa watu, shangazi akiuma punje moja moja. Na nilifikiri, kwa aibu yangu, kuhusu meza ya watoto. Nilidhani nikisema kweli, atamwaga maharage, atapaza ile sauti yake, njia nzima itasikia kwamba Waswahili ni Waswahili tu, na mwaliko wangu utakwisha hapo hapo.

"Hakuna haja ya kuloweka," nikasema. "Saa mbili zinatosha."

Sauti yangu ilitoka safi. Haikukwama popote. Mwalimu angeisikia angeshangaa.

Mama Konsolata alinitazama kidogo. "Haya," akasema. "Mtoto amesema."

Alijitwisha kapu akaenda. Niliona mgongo wake ukipanda ile njia hadi ukafichwa na migomba. Kopo la shangazi lilirudi kazini. Hakuniambia asante, wala sikutaka aniambie.

Jioni alipakua. Nikasema sina njaa. Naye akakaa na sahani yake mapajani muda mrefu, kisha akairudisha ndani ya sufuria na kufunika.

"Yule mwenye lori aliniangalia machoni, Zaina," akasema. "Akaniita dada."

Nilichukua daftari nikaandika ule mstari niliokwambia.

Kulikucha. Saa kumi na mbili kasoro niliifunga ile sufuria kwa kanga, nikajitwisha, nikapanda juu. Sikumuaga shangazi. Umande ulikuwa mwingi, miguu yangu ikawa na matope hadi kwenye vifundo. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi, kama nilivyozoea kuzipanga na kutozisema.

Uani kwao kulikuwa na sufuria kubwa ya kukodi juu ya mafiga, moshi, na mlima wa ndizi zisizomenywa. Mama Konsolata alikuwa amejifunga kitenge kifuani, macho mekundu kwa moshi. Alikuwa ametia maharage motoni saa kumi na nusu. Nilipofika ilikuwa imetimia saa kumi na mbili na nusu. Saa mbili kamili, kama nilivyosema.

Hakuniuliza nimefuata nini. Alichota kijiko kimoja kutoka kwenye lile sufuria kubwa, akakigeuza juu ya kifuniko cha bati. Tok, tok, tok. Punje zikadunda na kuviringika.

Nikashusha sufuria yangu, nikafungua kanga. Sentensi zote zikanipotea. "Hizi zimeiva," nikasema.

Akaonja. Akatafuna taratibu.

"Hizi ni za jana, za kwenye sufuria yenu."

"Ndiyo, mama."

"Na hizi zangu ni za kwenye gunia."

"Ndiyo."

"Na jana nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama uloweke."

"Basi," akasema.

Nilisubiri sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Haikuja. Alimgeukia dada yake aliyekuwa akimenya ndizi, akamwambia kwa Kirundi atume mtu kwa jirani akaongeze mikungu miwili, leo watu watakula ndizi. Kisha akamwaga maharage yangu kwenye beseni, akaisuuza sufuria, akachota kwenye lile kubwa na kuijaza hadi nusu. Yale magumu, na maji yake.

"Kwetu haturudishi chombo cha mtu kitupu," akasema. Hakuwa na hasira wala mzaha. Alikuwa ananirudishia sufuria.

Wakati huo Konsolata akatokea mlangoni, na shimizi, nywele nusu zimechanwa na nusu zimesimama. Alikuwa amevaa soksi nyeupe mpya, na aliponiona aliinua mguu mmoja ili nizione.

"Zaina, umewahi sana, sha. Njoo uone na gauni."

"Zaina anarudi kwao," mama yake akasema. "Weye ingia, kichwa chako hakijaisha." Halafu kwangu, kwa sauti ya chini: "Mchana ukitaka kuja, njoo. Sikufukuzi."

Nilijitwisha sufuria. Mchana sikwenda. Konsolata hakuja tena kupasha mikono. Sijui alikatazwa au alinisubiri niende mimi, na mimi sikuwa mtu wa kwenda. Kabla ya mwaka kwisha walihamia Bujumbura, kwa wajomba zake. Nilizipata habari hizo kwa wavulana wale wale wa mawe. Mengi yalipita juu ya mji wetu baada ya hapo, na watu wengi niliowajua kwa majina sikuwaona tena, lakini kati ya wote niliowakosa, Konsolata nilijikosesha mwenyewe.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilichagua: ama ukweli na kupoteza wateja, ama uongo na kuokoa magunia ya shangazi. Nilijihurumia kwa uchaguzi huo, nilikuwa mtoto. Ilikuwa hivyo mpaka wiki iliyopita, pale nyuma ya Kimironko. Yule mama mwenye sufuria alipoona nimeduwaa, alikuwa ameshaanza kunipimia, nami nilikuwa nimeshafungua mfuko. Na nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukimwuliza: "Niyaloweke, ama nipike hivi hivi?"

Mfuko ukabaki wazi mikononi mwangu. Maana mtu anayeuliza hivyo ameshanunua. Mama Konsolata aliuma punje, akajua. Alijua anachukua maharage ya zamani, kwa sababu mapya hayakuwepo popote na watu themanini walikuwa wanakuja. Hakuniuliza kama sisi ni wezi. Alitaka kujua ayalaze vipi, atie maji saa ngapi, moto awashe lini. Jambo moja tu la gunia lile hakulijua: ni ya zamani kiasi gani. Hilo mimi nililijua, nililikalia kutwa nzima kwenye kigoda. Lingemgharimu shangazi nini? Hata kopo moja lisingepungua. Angeniambia asante, angeloweka, kufika mchana yangepasuka kama mengine, na mimi ningekaa meza ya watoto.

Kwa hiyo aliponitazama na kusema "mtoto amesema", alikuwa ameweka neno langu juu ya meno yake mwenyewe. Sijapata kuaminiwa hivyo tena, na sitaki kusema uongo mwingine kwamba nimepata.

Lakini asubuhi ile sikuwa nayajua haya. Nilijua tu kwamba nina sufuria kichwani yenye maji ya moto yanayonitiririkia shingoni.

Nilifika kibandani. Shangazi alikuwa bado ndani. Niliwasha mbabula, nikapuliza hadi machozi yakanitoka, nikaweka yale maharage juu. Kwa kiganja nikafuta "saa moja" kwenye bati. Nikaandika saa kumi na nusu, saa ambayo Mama Konsolata aliyatia motoni, nikaketi kwenye kigoda changu.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja anayetoka misa ya mapema, mtoto mgongoni. Alisoma chaki, akafunua kifuniko, akabinya. Punje ikamkatalia.

"Hizi zinaiva kweli, kasichana?"

"Ukiziloweka tangu jioni na kuzipika tangu asubuhi, mchana zinaiva. Bila kuloweka, ni kutwa."

Alinitazama kama niliyemtukana, kisha akacheka. "Sasa wewe ukisema hivyo, utauza nini?"

"Sijui."

Nyuma yangu mlango ulikuwa umefunguka. Shangazi alisimama pale, kitambaa hakijafungwa vizuri kichwani. Alisoma bati. Akaangalia sufuria, akaiangalia miguu yangu yenye matope, na nadhani alielewa nilikotoka. Nikajikaza kusubiri.

Akataja bei. Ilikuwa chini kuliko ya jana, karibu nusu.

Yule mama akafikiri, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akashusha mfuko wake. "Kwa bei hiyo nitaloweka," akasema.

Shangazi akachukua kopo. Alipomaliza kupima alichukua na bambo kwenye msumari wake, akalifuta kwa kanga, akalilaza juu ya gunia, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kulishika.

Kengele ya misa kubwa ikaanza. Waliteremka kutoka juu, watoto wawili wawili, weupe kama maziwa, wazazi pembeni wakiwaonya wasikanyage matope. Sauti ya Mama Konsolata niliisikia kabla sijawaona, ikimwambia mtu ainue gauni. Nilijua Konsolata yuko hapo, upande wa barabara, hatua tano kutoka kwangu. Nilijua pia kwamba angegeuka kuangalia mbabula, kwa mazoea.

Maji yalikuwa yamepungua. Niliinama nikaongeza maji.